Chura Aliyekuwa Hasikii Vidole vya Mama Chapa

Saa moja na nusu asubuhi, kabla wenzake hawajaanza kupanda ngazi, Mama Chapa ameshakaa kwenye kiti chake ananyoosha vidole. Anakikunja kimoja, anakivuta, anahamia kinachofuata. Chini, kwenye duka la vioo, mtu anakata kioo na mlio wake unafika mpaka ghorofa hii ya pili. Yeye hana habari. Anaanzia mkono wa kushoto, anamalizia wa kulia, na kidole cha shahada cha kulia kinamlia ko!

"Huyu ndiye mkorofi," anasema, akikiinua juu kionekane. "Ila siku hizi tunaelewana."

Anawasha kompyuta. Ni kompyuta kuukuu, kasha lake lilikuwa jeupe zamani za kale, sasa limekuwa na rangi ya meno ya mvuta sigara. Inachukua dakika nne kuamka, na feni yake inakohoa. Mama Chapa anazitumia dakika hizo kufuta kibodi kwa kitambaa, kitufe kwa kitufe.

Kisha kwenye skrini anatokea chura wa kijani, amekaa juu ya jani katikati ya maji. Mama Chapa anaweka kidole juu ya kitufe kirefu cha chini, anavuta pumzi, anaanza. Ta-ta-ta-ta-ta. Chura anaruka jani kwa jani, bila kukosa hata moja. Baada ya mibonyezo mia moja anasimama, anaangalia namba iliyo juu ya skrini, anaiandika kwenye karatasi: mia moja.

Hii ndiyo kazi yake. Mama Chapa, mwenye umri wa miaka hamsini na tisa, ameajiriwa kujaribu michezo ya kompyuta. Usicheke. Yeye mwenyewe alicheka alipoambiwa mara ya kwanza.

"Majirani wakiniuliza nafanya kazi gani, nawaambia nalipwa kucheza," anasema. "Nawaacha wacheke kwanza, wakimaliza ndipo nawaeleza."

Lakini miezi minne iliyopita hapakuwa na cha kuchekesha. Chura huyu huyu alikuwa hamsikii. Kila aliyekaa kwenye kiti hiki alimrusha, isipokuwa yeye. Kazi ilikuwa ukingoni mwa kupotea, na kazi haikuwa hata nusu ya kilichokuwa kinamliza.

Tuanzie mbali kidogo, maana vidole hivi vina historia.

Alikuwa binti wa miaka kumi na tisa alipoingia chuo cha uhazili. Aliyewafundisha kupiga chapa alikuwa mama mmoja mkali, mwembamba, aliyetembea katikati ya madawati na rula mkononi. Taipureta za chuo zilikuwa za mkono. Ukibonyeza herufi, mkono mdogo wa chuma unaruka na kuipiga karatasi, kisha unarudi mahali pake. Ukichelewa kukiachia kitufe, mkono ule haurudi kwa wakati, na ule unaofuata unaukuta njiani. Inang'ang'aniana. Inabidi usimame uitenganishe kwa vidole, na wino unakupaka mpaka puani.

"Mwalimu alikuwa na msemo wake," anakumbuka. "'Kitufe si kitanda. Kidole hakilali hapo.' Ukilaza kidole, rula! Mimi nilichapwa wiki ya kwanza tu. Baada ya hapo nilikuwa nagusa na kuondoka, kama ninagusa sufuria ya moto."

Aligusa na kuondoka kwa miaka ishirini na sita, kwenye chumba cha wapiga chapa cha mahakama. Walikuwa wanawake tisa, meza tisa, madirisha mawili. Hukumu, hati za kiapo, mienendo ya kesi, kila kitu na nakala nne za kaboni. Yeye ndiye aliyekuwa na kasi kuliko wote, maneno tisini kwa dakika, na jina la Mama Chapa alipewa humo humo.

"Hakimu akikohoa, mimi nimeshaandika 'amekohoa'," anajisifu, kisha anaziba mdomo kwa aibu.

Zilipoletwa kompyuta, makarani wakaambiwa wajichapie wenyewe. Chumba kikafungwa. Wanawake tisa wakapewa cheti cha shukrani na saa ya ukutani kila mmoja. Saa yake bado ipo sebuleni, inachelewa dakika kumi, na mumewe hataki irekebishwe. Husema hiyo ndiyo heshima yao iliyochelewa.

Miaka kumi na moja iliyofuata Mama Chapa alikaa kwenye kimeza nje ya duka la steshenari, akiwachapia watu barua za maombi ya kazi. Aliwaombea mamia ya watu kazi ambazo yeye mwenyewe hakuwa nazo. Siku za neema alipata wateja wanane. Simu zilipojaa mikononi mwa watu, wateja wakawa wawili, siku nyingine hakuna.

Ni hapo alipoonwa na mwanamke mmoja wa miaka thelathini na minne, aliyekuja kutoa nakala. Leo ndiye bosi wake.

"Nilisikia sauti nikadhani ni mvua kwenye bati," anasimulia bosi, ambaye ana karakana ndogo ya michezo ya kompyuta yenye wafanyakazi sita. "Nikageuka. Nikamwona mama huyu, hata kibodi haangalii, anaongea na mtu mwingine huku anachapa. Nikajiambia, huyu namhitaji. Mimi nina vijana, wakibonyeza kitufe mara mia mbili wanalalamika kuchoka."

Mshahara ulikuwa theluthi moja ya ule wa mahakamani. Mama Chapa hakubishana. Mumewe, dereva wa malori mstaafu ambaye goti lake la kulia limekataa kazi, anatumia dawa kila mwezi, na dawa haziulizi mke wako ana cheo gani. Akapewa miezi mitatu ya majaribio.

Mchezo waliokuwa wakiutengeneza ulikuwa wa watoto wa shule za msingi, wa kuwazoesha kibodi. Shule zilizouagiza zilikuwa na kompyuta za zamani, kwa hiyo bosi alinunua moja ya aina ile ile, ili mchezo ujaribiwe kwenye mashine kama zile watakazotumia watoto. Vijana waliiogopa kama ukoma. Kila mmoja alikuwa na kompyuta yake mpya inayowaka kufumba na kufumbua. Basi hiyo kuukuu akasukumiwa mgeni, mezani kwake karibu na mlango wa stoo.

Wiki ya pili tu akagundua kwamba chura ana kasoro. Anabonyeza, chura anaruka. Anabonyeza tena, chura ametulia tu, anamkodolea macho. Hakuna utaratibu. Mara anaruka mara tatu mfululizo, mara anagoma mbili.

Akaandika ripoti. Na hapa lazima tuseme ukweli, ripoti za Mama Chapa zilikuwa kichekesho cha ofisi nzima. Vijana wao huandikiana maneno mawili matatu kwenye simu, basi. Yeye aliandika barua kamili, yenye tarehe na namba ya kumbukumbu, na katikati, kwa herufi kubwa zilizopigiwa mstari: YAH: CHURA KUTORUKA. Akaeleza kwa aya zenye namba, akafunga kwa "Wako mtiifu".

Aliyekabidhiwa ripoti ni kijana aliyeandika programu ya mchezo, ambaye ofisini wote humwita Injinia. Ni mpole, ana miwani mikubwa, na kichwani mwake, wenzake wanasema, kuna nafasi ya kitu kimoja kwa wakati mmoja.

"Nilifungua mchezo kwenye mashine yangu, nikabonyeza, chura akaruka," anasema Injinia, uso wake ukionyesha wazi kwamba bado anaona haya. "Nikamwambia, mama, kwangu mbona anakubali?"

Mama Chapa akamwomba aje ajaribu kwenye ile mashine kuukuu. Akaja. Akabonyeza. Chura akaruka. Akabonyeza mara kumi, chura akaruka mara kumi. Akaja mchoraji wa picha naye akabonyeza, chura akaruka. Akaja mpaka mama anayefagia ofisi, akabonyeza kwa kidole kimoja kwa woga, chura akaruka.

Akakaa Mama Chapa. Chura akagoma.

"Walicheka," anasema Mama Chapa. "Si kwa ubaya, watoto wale hawana ubaya. Mmoja akasema, 'Mama, chura hakupendi.' Na mimi nikacheka. Lakini moyoni nilisikia kitu kimekatika."

Maana kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Miezi miwili kabla ya kuajiriwa, alikwenda hospitali kwa sababu mkono wa kulia ulikuwa ukiamka umekakamaa. Daktari alimpima, akamwambia ni baridi yabisi. Ilikuwa imeanza kwenye kidole cha shahada na cha kati. Inakwenda taratibu, daktari alisema, lakini haitarudi nyuma. Mama Chapa aliikunja ile karatasi akaificha chini ya magodoro ya wageni, mahali ambapo mumewe hafiki kwa sababu ya goti.

Sasa chura anaruka kwa kila mtu asiyekuwa na kidole kibovu. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Vidole vimekufa. Anadhani amebonyeza, kumbe hajabonyeza.

"We fikiria," anasema. "Mtu umeishi kwa vidole. Sina shamba, sina duka, sina shahada. Nina vidole. Halafu mdudu wa kuchora tu, chura, ndiye anakwambia mama, vimekwisha."

Aliandika ripoti kumi na nne. Mwisho wa mwezi wa pili bosi alimwita, akafunga mlango. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililouma zaidi.

"Nilimwambia mama, sina shida na juhudi zako," anakumbuka bosi. "Lakini mjaribu michezo anayeripoti kasoro ambayo hakuna mwingine anayeiona, ripoti zake zote zinakosa nguvu. Nikampa wiki mbili. Nikamwambia kama hali ni hii, sitaweza kumpa mkataba. Sikulala vizuri siku ile, nakwambia kweli."

Mama Chapa alirudi nyumbani akainjika maji, yakachemka mpaka yakakaribia kukauka, yeye amesimama tu anayaangalia. Mumewe akaja jikoni akichechemea, akazima jiko.

"Mke wangu, nani kafa?"

"Vidole vyangu," akajibu, na ndipo machozi yakatoka.

Alimweleza yote, hospitali, karatasi, chura. Mzee alisikiliza, akakasirika kwanza kwa kufichwa. "Mficha maradhi, kilio humuumbua," akamkumbusha, kisha akakaa kwenye kigoda, akafikiri. Halafu akauliza swali ambalo Mama Chapa anasema hatalisahau.

"Mkono wa kushoto je? Chura anauonaje?"

Hakuwa amejaribu. Mpiga chapa hubonyeza kitufe kirefu kwa mkono wake uliozoea, na wake ni wa kulia. Tangu siku ya kwanza chura alikuwa amebonyezewa kwa kulia tu.

"Miaka thelathini na moja nimeendesha lori," mzee anamwambia mwandishi wa makala haya, akiwa amekaa kwenye kochi na goti lake juu ya mto. "Lori likivutia upande mmoja, huanzi kulaumu usukani. Unabadilisha matairi, la kushoto unaweka kulia. Shida ikihama, ni tairi. Shida ikibaki pale pale, mzee, angalia barabara."

Kesho yake alfajiri wakaitoa taipureta chini ya kitanda. Ni ile ile ya mahakamani, aliuziwa kwa bei ya chuma chakavu siku chumba kilipofungwa. Wakaifunga kwa shuka, wakaazima toroli kwa fundi ujenzi wa jirani, na wakaenda, yeye akisukuma, mzee akichechemea pembeni na kutoa maelekezo ya barabara ambayo hakuna aliyeyaomba.

"'Kata kona pana! Punguza mwendo!'" Mama Chapa anamwigiza. "Nikamwambia, baba, hili ni toroli."

Vijana wa duka la vioo wakawapandishia mzigo ghorofani. Mama Chapa akaiweka taipureta kushoto kwa kibodi, akatia karatasi, akamwita Injinia. Akamwita na bosi.

"Nilisema hivi," anasimulia. "Mkono mmoja utapiga taipureta, mwingine utabonyeza kitufe cha chura, kwa pigo moja. Taipureta haina ubongo, haina umeme, haijui kunipenda wala kunichukia. Kidole kikigusa, herufi inatokea. Kisipogusa, haitokei. Tuone nani muongo."

Akaanza. Kushoto taipureta, kulia chura. Mchoraji akaacha kutafuna. Sekunde kama ishirini hivi, kisha akasimama. Injinia akahesabu herufi kwenye karatasi: mia moja. Akaangalia namba juu ya skrini: sitini na moja.

"Mkono wako wa kulia, mama," Injinia akasema kwa upole, "labda ndio..."

"Tulia, mwanangu. Sijamaliza."

Akaihamisha taipureta upande wa pili. Sasa mkono mgonjwa ukapiga taipureta, mkono mzima ukabonyeza chura. Herufi mia moja. Chura, hamsini na tisa.

Mama Chapa anasema hakuwaangalia wao. Aliiangalia karatasi. Zile herufi mia moja za mkono wa kulia, za kidole ambacho alikuwa ameshakililia jikoni, zilikuwa zimesimama kwenye mstari, nyeusi, sawasawa, hakuna hata moja iliyofifia.

"Nikaipiga meza kofi," anasema. "Si kwa hasira. Kwa furaha. Nilikuwa nimeshavizika, ndugu yangu, na vilikuwa hai."

Mzee wake, aliyekuwa amepewa kiti karibu na mlango, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Angalieni barabara."

Injinia akavuta kiti, akakaa mbele ya ile mashine kuukuu, na kwa mara ya kwanza hakubonyeza. Akamwomba Mama Chapa abonyeze, yeye akatazama kidole. Anasema alitazama kama dakika mbili, kisha akajipiga kofi la paji la uso.

"Sisi wote tunabonyeza na kukandamiza," anaeleza. "Kidole kinashuka, kinakaa kidogo, ndipo kinapanda. Yeye hakai. Anagusa na kuondoka. Baadaye nilipima. Kidole chake kinakaa kwenye kitufe chini ya nusu ya nusu ya kupepesa jicho."

Namna alivyomweleza Mama Chapa ni hivi, na mwandishi aliomba aelezwe tena mpaka naye akaelewa. Mchezo wa kompyuta unazunguka. Kila mzunguko unajiuliza maswali: chura yuko wapi? Jani limesogea? Kitufe kimebonyezwa? Kisha unachora picha mpya na kurudi mwanzo. Kwenye mashine mpya ya Injinia unazunguka mara sitini kwa sekunde. Kwenye mashine kuukuu, iliyochoka, unazunguka mara kumi na tano tu.

"Na kati ya mzunguko na mzunguko?" Mama Chapa aliuliza.

"Hakuna anayeuliza, mama. Mchezo unakuwa unachora."

"Kwa hiyo mimi nabisha hodi, nyinyi mko jikoni. Mkija kufungua mlango, nimeshaondoka, halafu mnasema hakuja mtu."

"Ndiyo," Injinia akasema. "Hivyo hivyo."

"Na hawa wenzangu?"

"Wao wanaegemea mlango mpaka ufunguliwe."

Vicheko vikalipuka, na safari hii Mama Chapa alicheka kuliko wote.

Ndipo akasema lile neno ambalo leo limeandikwa kwa kalamu nene kwenye ubao wa ofisi. Kule mahakamani, anasema, karani mkuu alikuwa na tabia ya kuchungulia mlangoni kila baada ya muda na kuuliza, "Kuna mtu?" Wananchi waliokuja na barua wakakuta mlango umefungwa waliondoka nazo. Malalamiko yakazidi. Mwishowe ikawekwa trei nje ya mlango. Ukija, unaacha barua yako, unaondoka. Karani akitoka, hata kama ni baada ya saa nzima, anazikuta zote zimepangana, ya kwanza chini, ya mwisho juu, na anazishughulikia moja moja.

"Mwanangu," akamwambia Injinia, "kwa nini msiweke trei?"

Injinia anakiri kwamba alikuwa akilijua jambo hilo. Limo kwenye vitabu, na kompyuta yenyewe hutoa taarifa kila kitufe kinapogongwa, ukitaka kuipokea. Hakujishughulisha kuipokea kwa sababu kwenye mashine yake hapakuwa na shida. "Nyani haoni kundule," anasema, akivua miwani kuifuta. "Tatizo lilikuwa kwangu, na mimi nilikuwa namtazama yeye."

Alifanya kazi hiyo kuanzia asubuhi ile mpaka saa tisa alasiri. Kila kitufe kinapoguswa, hata kwa mguso wa haraka namna gani, taarifa inadondoka kwenye trei. Mchezo ukifika kwenye swali lake, hauulizi tena kama kidole kipo. Unatazama trei ina nini.

Mama Chapa akakaa. Mia moja kwa mia moja.

Lakini hakuishia hapo, na ndipo bosi anasema alijua amepata mfanyakazi. Mama Chapa aliusimamisha mchezo akanywa chai, huku akigonga kitufe kwa mazoea tu ya vidole visivyojua kutulia. Aliporudi kuuendesha, chura akaruka mara nne mwenyewe akatumbukia majini. Jioni ile ile ikaingia ripoti namba kumi na tano. YAH: TREI KUTOMWAGWA. "Tafadhali rejea mazungumzo yetu ya leo. Barua zilizoletwa wakati ofisi imefungwa zisisomwe kana kwamba zimeletwa leo."

Hakuna aliyecheka. Injinia aliisoma akiwa amesimama, akarudi mezani, akarekebisha.

Ijumaa ya mwisho wa zile wiki mbili, siku ambayo Mama Chapa alitarajia kupewa barua ya kuachishwa, bosi alimwita tena akafunga mlango. Barua ilikuwepo. Ilikuwa ya mkataba wa miaka miwili. Mama Chapa aliisoma mpaka mwisho, kisha akaomba kalamu nyekundu, akasahihisha makosa mawili ya kuchapa, ndipo akasaini.

Bosi akamwambia pia kwamba watamnunulia kompyuta mpya kama za wenzake, na ile kuukuu itapelekwa stoo.

"Nilikataa," anasema Mama Chapa. "Nikamwambia, bosi, hiyo mbovu msiniondolee. Watoto watapewa mbovu. Nani atawasemea kama sote tumekalia nzima?"

Baridi yabisi haijaondoka. Asubuhi za baridi kidole cha shahada kinakataa kukunjika mpaka kitiwe kwenye maji ya uvuguvugu, na bakuli huandaliwa na mumewe bila kuombwa. Daktari hakumwahidi miaka mingi. Kwa sababu hiyo ameshamwomba bosi nafasi ya kumfundisha mwenzake, mmoja wa wale tisa wa chumba cha mahakama. Walisoma chuo kimoja, na mpaka siku chumba kilipofungwa huyo ndiye aliyekuwa wa pili wake kwa kasi ya kuchapa. "Anagusa na kuondoka kama mimi," anasema. "Tulichapwa rula moja."

Wiki ijayo mchezo wa chura unawekwa kwenye shule ya kwanza. Kuna kompyuta arobaini, zote za umri wa hii iliyo mbele yake. Bosi alimuuliza angependa nini kwa kazi aliyoifanya. Hakuomba nyongeza. Aliomba achukuliwe siku hiyo, akakae darasani dawati la nyuma kabisa.

"Kila darasa lina mtoto mmoja mwenye vidole vya haraka," anasema. "Nataka nimwone. Mtoto kama huyo mashine ikimgomea, hasemi mashine mbovu. Anasema mimi ndiye mbovu, anainamisha kichwa, anaacha. Nami nilisema hivyo hivyo, mtu mzima na miaka yangu hamsini na tisa. Nilivililia jikoni vidole vilivyo hai."

Kwenye ngazi zimeanza kusikika nyayo, wenzake wanaingia. "Shikamoo mama," Injinia anasema akipita, na Mama Chapa anaitikia marahaba bila kugeuza kichwa. Yuko na chura wake. Anaweka kidole cha shahada cha kulia, yule mkorofi, juu ya kitufe kirefu.

"Haya, tazama," anamwambia mwandishi.

Mwandishi alitazama kwa makini, na hakukiona kidole kikishuka. Chura alikiona.